Mama Nelly, Aliyelaza Habari Kabla ya Kuzigawa

Tarehe 30 Juni 2025, Bi. Zipora Mabula, fundi wa redio za mawasiliano katika karakana yetu ya malori ya mgodi hapa Bugarama, anastaafu baada ya kuitumikia kampuni kwa miaka ishirini na sita. Wengi wetu hatujawahi kumwita kwa jina hilo. Kwetu ni Mama Nelly, na walinzi wa getini humwita mayu, kama wanavyowaita mama zao.

Aliingia kazini mwaka 1999 akiwa na cheti cha ufundi na bisibisi zake mwenyewe, amezifunga ndani ya soksi. Wakati huo kila lori la kubebea mawe lilikuwa na redio kubwa chini ya kiti, na dereva akiona haisikiki vizuri aliipiga teke. Mama Nelly alizitengeneza redio zote, kisha akawafundisha madereva kutozipiga teke. Hilo la pili lilimchukua muda mrefu zaidi.

Sifa yake kubwa hapa, hata hivyo, ni habari za teknolojia. Mwanzoni alisoma majarida yaliyoachwa na wahandisi wageni, mengi yakiwa yamechanika. Simu za kisasa zilipofika akahamia mitandaoni. Alifuata kurasa za watengenezaji wa redio, betri na malori, akajiunga na makundi ya mafundi wa migodi ya Chile na Australia, na alichoandikiwa kwa lugha asiyoijua alikipitisha kwenye tafsiri ya simu, ambayo siku moja ilimwambia kuwa lori limeshikwa na malaria. Bando lilikuwa lake mwenyewe. Asubuhi, kikao cha usalama kikikaribia kwisha, msimamizi alimwachia dakika chache, naye alitueleza kinachotengenezwa huko duniani. Redio za kidijitali zilipoletwa, sisi tulikuwa tumeshasikia habari zake mwaka mzima. Hakuna aliyezishangaa.

Lazima niseme pia kuhusu siku aliyokosea, maana mwenyewe amesisitiza isiachwe.

Ilikuwa mwaka 2016. Aliona kwenye Facebook habari ya programu ya simu inayotambua dhahabu ardhini, akaituma kwenye kundi letu la WhatsApp saa ya chakula. Katika ukanda huu wa kwetu, habari ya namna hiyo haisomwi, inakimbiliwa. Jioni nusu ya karakana walikuwa wanatembea wameinamisha simu kama wanaotafuta funguo. Donatus, mchomeleaji wetu, alikwenda nayo hadi Segese, ukweni. Simu ikalia ndani ya jiko la mama mkwe wake. Kila Msukuma anajua mkwe hakaribiwi hivi hivi, hata kumwangalia usoni ni shida, na Donatus akachimba sakafu ya jiko lake. Alichotoa ni jembe bovu. Simu ilikuwa inanusa chuma tu. Mama mkwe alimkuta ndani ya shimo na inasemekana alisema neno moja, "Mkwe!", kisha akarudi nje kukaa. Donatus alipeleka mbuzi wa kuomba radhi, na Mama Nelly ndiye aliyemnunua huyo mbuzi.

Tangu siku hiyo alijiwekea utaratibu aliouita kulaza habari. Habari aliyoiona leo haikutoka leo. Aliiacha ilale, na wakati imelala alitafuta ilikotoka: ukurasa wa kwanza kuiweka, tarehe yake, na mtu mmoja wa kweli anayefanya kazi hiyo wa kumuuliza. Kwenye kundi aliandika tu, "Ipo moja imelala." Asubuhi watu walimpokea getini kwa salamu ya Kisukuma na utani, "Mwangaluka, Mama Nelly! Imeamka?" Naye alijibu, "Mwangaluka. Bado inakoroma."

Wengine waliona anatuchelewesha. Ni kweli tulichelewa kujua mambo mengi, na mengi kati ya hayo yaligeuka kuwa hayakuwepo.

Sasa nifike kwenye jambo lililonifanya niombe kuandika wasifu huu. Mimi nipo stoo ya vipuri. Marehemu mume wangu, Marwa, alikuwa dereva hapa. Mwaka 2023 figo zake zilishindwa kazi. Kampuni ilimwondoa kwenye lori na kumpa kazi nyepesi ya kupanga zamu, na bima ya kazini ikawa inalipia kusafishwa damu Mwanza. Tulikuwa tunakwenda na kurudi kila wiki. Tulichoka wote wawili, kila mmoja akimficha mwenzake.

Mwezi Oktoba mwaka huo video ikaingia kwenye makundi ya madereva. Ilionyesha malori makubwa yanayojiendesha, hayana mtu ndani, na sauti ya Kiswahili ikisema yanakuja kwenye migodi ya kwetu kabla ya Krismasi. Dereva atakayeacha kazi mwenyewe mapema, ilisema, atapewa kiinua mgongo kizuri. Atakayesubiri ataondoka mikono mitupu. Ilisambaa kama moto wa nyasi. Marwa aliitazama kitandani mara nyingi sana, akaniambia, "Mama Eliya, mimi siponi. Acha niondoke na kitu, watoto wakute kitu." Akaandika barua ya kuacha kazi. Nilijua kazi ikiisha na bima inaisha, na bima ikiisha hakuna tena Mwanza. Nilimwambia. Alinijibu kwamba amechoka kuhesabiwa na mashine.

Asubuhi iliyofuata Mama Nelly alisema kikaoni, "Ipo moja imelala. Nawaombeni, asiandike mtu chochote mpaka iamke." Madereva wakamjia juu. Mmoja alimwambia mbele ya wote, "Mama, gari likijiendesha redio yako inabaki. Wewe unalala na habari, sisi tunalala njaa." Hakubishana naye. Alisema tu, "Nipeni siku chache, baba zangu."

Siku hiyo hiyo Marwa alikwenda ofisi ya utumishi na barua mfukoni mwa shati. Kulikuwa na foleni, akakaa kwenye benchi nje. Mama Nelly alimwona kupitia dirisha la karakana, akaja kukaa karibu yake, akiwa ameshika redio iliyofunguliwa. Niliwaona kutoka stoo, na Marwa alinisimulia usiku. Hakumhubiria. Alimweleza habari ya betri mpya inayochajiwa haraka kuliko chai kuchemka, na Marwa akamwambia hiyo ni ya waongo. Baadaye alimwambia, "Marwa, barua haiozi. Ilaze kidogo." Marwa akamuuliza, "Na mimi nitaamka, Mama Nelly?" Aliiweka ile redio chini. Kisha akasema, "Hilo silijui. La barua nalijua." Walikaa pale mpaka ofisi ikafungwa, na Marwa akarudi nyumbani na barua yake.

Ile habari ililala muda mrefu kuliko zote. Mama Nelly alimwandikia fundi mmoja wa Chile waliyefahamiana naye mtandaoni, na huyo akaitambua video: ilipigwa kwenye mgodi wa kwao miaka mingi nyuma. Sauti ya Kiswahili ilikuwa imebandikwa juu yake, na aliyeibandika hatujamjua hadi leo. Mama Nelly akamwomba meneja aje kikaoni aseme kwa mdomo wake mwenyewe. Meneja akasema hakuna mpango huo na hakuna malipo hayo.

Watu wakashangilia, lakini Mama Nelly aliwanyamazisha. Alisema malori hayo ni ya kweli, yapo, na ipo siku yatafika hata huku, kwa hiyo tusiende nyumbani na furaha isiyo na msingi. Kilichokuwa uongo ni tarehe na zile fedha. Nadhani ilimgharimu kusema hivyo, maana wengine walinuna wiki nzima. Madereva wawili waliokuwa wameshakabidhi barua zao mapema hawakurudi kazini. Aliwataja majina siku hiyo, na sura yake haikuwa ya mtu aliyeshinda.

Marwa alichana ya kwake jioni hiyo, akaitupa jikoni.

Safari za Mwanza ziliendelea. Macho ya Marwa yalipodhoofika, Mama Nelly alimrekodia habari kwa sauti, naye alizisikiliza akiwa amelala kwenye mashine. Aliposikia ya roboti linalofagia nyumba alinirudishia nisikie, akacheka. Alisema hilo lije kwanza kijijini kwao Tarime, likutane na mama yake.

Mama Nelly ametuambia amechoka. Macho yanamwasha, na habari haziishi. Ukimaliza moja kumi zinakusubiri, na nyingi zimetengenezwa kumtisha mtu. Ameomba asipewe zawadi ya simu. Anarudi kwao kulima mpunga, na utaratibu wake ameukabidhi kwa Rebeka wa kitengo cha umeme.

Uongozi uliniomba nitaje mafanikio yake. Redio zipo, vyeti vipo ukutani. Mimi nataja hili. Januari 2024 mtoto wetu wa mwisho, Eliya, alianza darasa la kwanza. Marwa alimpeleka mwenyewe, kwa miguu, akisimama kupumzika kila penye kivuli, na Eliya akimsubiri bila kumvuta mkono. Marwa alifariki mwezi Mei mwaka huo. Mtoto anaikumbuka njia yote, na mahali pote baba yake aliposimama.

Wabeja sana, asante, Mama Nelly. Karakana nzima inakutakia mavuno mema, macho yaliyopumzika, na asubuhi nyingi za kutembea taratibu na wajukuu.

Paskalina Onesmo (Mama Eliya)
Stoo ya Vipuri