Kibano cha Mbagala

Niongezee mto mgongoni, Yustina, niinuke kidogo, maana nikilala chali pumzi inanikimbia na leo naihitaji. Gaudens, zima hiyo simu. Anwar, mwanangu, usikae mlangoni kama mgeni. Vuta kiti uje karibu na wenzio, kwa sababu nitakayoyasema yanawahusu ninyi watatu na sitayarudia. Padri ameshanipaka mafuta, jirani kazima redio yake kwa heshima yangu, na akili yangu bado iko sawasawa. Sikilizeni basi, wanangu, mama yenu anaaga.

Msinifiche kitu, na mie sitawaficha. Maisha yangu yote nilishughulika na magonjwa ya ndani, yale yasiyojionyesha mpaka uyaulize kwa subira: ya moyo, ya figo, ya mapafu. Ini langu nimelipapasa kwa mkono wangu mwenyewe hapa chini ya mbavu, nikajua limefika wapi kabla vijana wa hospitali hawajathubutu kuniambia. Walizungukazunguka, maskini, wakitafuta neno laini, nikawaambia, "Semeni tu, wanangu, maneno hayo niliwafundisha mie." Kwa hiyo msinipeleke tena kokote. Niacheni humu humu Charambe, nisikie watu wakipita na wauza maji wakipiga kelele, mpaka Mungu aniite.

Sasa nataka mjue kibano, kile chombo chetu cha dripu, kilianza na nani, maana watu wakija msibani watawasimulia mengine. Kilianza na mama mmoja akiitwa Tunu, muuza vitumbua wa Kizuiani, aliyekuja wadini kwangu miguu imevimba na moyo umechoka. Alikuwa mcheshi. Alinisikia navyozungumza kwa lafudhi yangu ya bara, ya Muleba, akasema, "Daktari, Kiswahili chako kina milima," na wadi nzima ikacheka, na mie nikacheka, na tangu siku ile kila nikipita kitandani kwake lazima anifundishe neno moja la Kipwani. Moyo wake ulianza kupata nguvu. Halafu akaharisha na kutapika, ikabidi tumwekee dripu, lakini pole pole, kidogo sana, kwa sababu moyo wa namna ile ukiumiminia maji mengi yanapanda kwenye mapafu na mtu anazama akiwa kitandani. Hospitali siitaji, maana ingeweza kuwa yoyote. Nesi alikuwa mmoja, wagonjwa wamejaa mpaka kwenye korido, ndugu wa mgonjwa wa pembeni akasogeza kitanda apate pa kupita, na kile kigurudumu kidogo cha kubana mpira wa dripu kikalegea. Hakuna aliyeona. Mfuko wote uliingia. Nilipofika Tunu alikuwa amekaa wima, macho yamemtoka, akanishika kola ya koti langu, na nilifanya yote niliyoyajua. Alifariki bado kanishika kola.

Sikumlaumu yule nesi, wala ndugu aliyesogeza kitanda. Ila nilikataa kabisa kusema kwamba ndivyo dunia ilivyo. Siku tulipotoka kumzika nilipitia soko la Rangi Tatu kununua samaki, na mama muuzaji alikuwa na mizani ya mkono, ile ya jiwe upande mmoja na samaki upande wa pili, anapunguza dagaa kidogo kidogo, na kadiri anavyopunguza mkono wa mizani unapanda wenyewe. Nilisimama pale nimeduwaa mpaka akaniuliza, "Mama, unanunua au unatazama?" Nilikuwa natazama mfuko wa dripu ukipungua uzito. Nikawaza, kama mfuko ungening'inizwa kwenye mkono kama ule, na jiwe likawekwa kwa kipimo cha maji anayotakiwa mgonjwa, basi maji yakipungua mpaka pale mkono utainuka na kubana mpira, hata kama nesi yuko upande wa pili wa jengo, hata kama umeme umekatika. Samaki sikununua. Nilikwenda moja kwa moja kwa baba yako, Anwar.

Marijani alikuwa ananitengenezea nondo za madirisha haya haya. Mzaramo mwenyewe, mwenyeji wa hapa, kila kiwanja cha mtaa huu alijua kilikuwa shamba la mikorosho la babu wa nani. Nilimchorea kwa kidole kwenye vumbi la karakana. Akatikisa kichwa akasema, "Daktari, mie nachomelea mageti. Vitu vya roho za watu naviogopa." Nikamwambia, "Na mie naviogopa, ndiyo maana nimekuja tuogope wawili." Akacheka, akavua miwani yake ya kuchomelea, akatafuta kipande cha bati.

Miaka mingapi tulihangaika, msiniulize. Cha kwanza kilikata mpira badala ya kuubana. Kilichofuata kilishika kutu. Kingine kilibana mapema mno, kingine hakikubana kabisa. Baba yenu Projestus, Mungu amrehemu, alikuwa anarudi kutoka kazini anakuta mifuko ya maji inaning'inia kwenye fremu ya mlango, ndoo zimejaa sebuleni, anasema, "Jovina, nimeoa daktari nimeletewa wadi," halafu anavua viatu anaruka ndoo kwenda chumbani. Hakuwahi kuniambia niache. Nyie mkitafuta wenzi, angalieni sana kama wanaweza kuruka ndoo.

Kilipokubali kufanya kazi mara zote tulizokijaribu kwa maji matupu, nikakipeleka kwenye kikao cha madaktari. Mkuu wa idara yetu alikuwa Dokta Polikarpo, msomi kweli kweli, mtu niliyemheshimu. Alikigeuza geuza kile chuma mezani akasema, "Daktari Jovina, kumbe siku hizi umeacha tiba umeingia uchomeleaji?" Ukumbi mzima ulicheka, na kicheko kile hakikufanana na cha Tunu. Akakataa hata kukijadili. Haukupita muda nikapangiwa kwenda Kimbiji, kwenye kituo cha afya cha mwisho wa barabara, mie daktari bingwa, nikatibu malaria na kufunga vidonda vya ndoana vya wavuvi. Nilinuna, wanangu. Nilikuwaga nalala kule Kimbiji nikiyatunga majibu ambayo ningempa Polikarpo, majibu mazuri sana, na hakuna hata moja lililomfikia.

Lakini Kimbiji ndiko kibano kilikoanza kazi. Niliomba ruhusa rasmi ya kukifanyia majaribio, nikapewa, maana wakubwa wa kule walikuwa wanakaribisha chochote chenye kusaidia. Ukaja msimu wa mvua za masika, ule wa kipindupindu, barabara ya Kigamboni imekatika, gari la wagonjwa limenasa tope. Mchana mmoja wakamleta Mwalimu Lusungu wa shule ya msingi, amekauka midomo, macho yameingia ndani, na nilikuwa namjua, moyo wake ulikuwa mgonjwa kama wa Tunu. Asipopata maji anakufa. Akipewa mengi anakufa. Na wakati huo huo mama mjamzito wa chumba cha pili anatokwa damu, na tulikuwa mie na muuguzi wangu tu. Nilimwambia mwalimu, "Nina chombo hapa, kimetengenezwa Mbagala, sijawahi kukitumia kwa mtu mwenye hali kama yako. Unakubali?" Akanong'ona, "Daktari, chombo hicho kinachoka?" Nikasema hakichoki. Akasema, "Basi kiwekeni, maana nyie nawaona mmechoka."

Nikaweka jiwe kwenye kipimo, nikaning'iniza mfuko, nikaenda kwa yule mama. Nilikaa huko mikono imelowa damu mpaka mtoto akalia na mama akatulia, na kila dakika masikio yangu yako kwa mwalimu. Niliporudi nilimkuta Lusungu anapumua vizuri, mkono wa chuma umeinuka, mpira umebanwa, maji yamesimama pale pale nilipopaweka. Akafumbua jicho akaniambia, "Kilifanya tak, nikajua kazi kimemaliza." Nilikaa chini sakafuni, wanangu. Nililia kwa ajili ya Tunu, na nililia kwa furaha, na sikuweza kutenganisha vilio viwili vile. Lusungu aliishi, akafundisha mpaka akastaafu, akacheza kwenye harusi ya bintiye mbele ya macho yangu.

Toka hapo mnajua wenyewe. Kituo kikakiambia kituo kingine. Wauguzi wakakiita kibano, jina likakaa. Tulipokwenda kuomba hataza, ile karatasi ya serikali inayosema uvumbuzi ni wa nani, karani aliniuliza kwa nini kuna jina la mchomeleaji karibu na jina la daktari, nikamwambia andika yote mawili au tuondoke. Ndiyo maana, Anwar, uko kwenye kikao hiki, kwenye nafasi ya baba yako.

Kuhusu Polikarpo: hakuniomba radhi hata siku moja. Miaka baadaye, alipokuwa anasimamia wadi nyingine, alimpigia simu Marijani, akanipita mie kabisa, akaagiza vibano vya wadi zake zote. Marijani alikuja hapa anacheka mpaka anashika mbavu. Mie nikaendelea kusubiri aje aseme neno. Sasa sisubiri tena. Alikiweka juu ya vitanda vya wagonjwa wake. Neno lake ni hilo. Akija msibani mpeni kiti cha mbele, na akitaka kuzungumza mpeni kipaza sauti, na Gaudens, usimkatize.

Maji... kidogo tu. Ahsante.

Sasa la ninyi. Msidhani sijui kwamba wewe Gaudens na dada yako hamsemeshani tangu Pasaka. Mnakuja kuniona kwa zamu kama walinzi, mmoja akiingia geti la mbele mwingine ana safari. Najua kuna kampuni inataka kununua kibano chote, hataza na michoro, na najua kwenye mkataba wao karakana ya Anwar inafungwa mdomo, asitengeneze hata kimoja. Gaudens, ulisema karakana moja ya Charambe haiwezi kufikisha kibano Kigoma na Tunduma, watu wanazama kule wakati sisi tunachomelea kimoja kimoja. Una haki. Yustina, ulisema chanzo cha kitu hiki ni maskini wa Kizuiani, na kikiuzwa kitapanda bei mpaka hospitali zao zisikipate. Na wewe una haki. Mlichokosea ni kila mmoja kudhani mwenzake hampendi mgonjwa.

Kwa hiyo nasema hivi. Hataza ni yenu watatu, na hakuna mmoja atakayeiuza bila wawili wengine kuridhia. Kampuni yoyote yenye viwango iruhusiwe kutengeneza, wapeni leseni, lakini wasimzuie Anwar, wala hospitali yoyote inayotaka kujichongea chake. Gaudens ndiye atakayezungumza nao, maana anajua mikataba, na mdomo wa kubishana alirithi kwangu. Yustina, wewe uko wadini, utapima kila toleo kabla halijamgusa mgonjwa, na likikushinda likatae, hata kama limetengenezwa na Anwar. Na Anwar, kibano bado kina upungufu: mlio wake ni mdogo, nesi aliye mbali hausikii. Kile kikengele ulichonionyesha mwezi uliopita kinaelekea vizuri. Kimalize. Nimefurahi kufa kukiwa bado na kitu cha kurekebisha, maana nawaachia kazi, siwaachii sanamu.

Gaudens, unanong'ona nini? Sema kwa sauti, mama yako sikio moja limeshalala.

"Nasema nitawapigia, Mama. Ila wakikataa masharti?"

Wakikataa tafuta wengine. Wakikataa wote, Anwar ataendelea kuchomelea. Na wewe Anwar unatikisa kichwa nini?

"Mama Daktari, mie si damu yenu. Watu wa ukoo watasema."

Waseme. Baba yako aliogopa pamoja na mie, na ndugu ni huyo. Ukoo ukija na maneno, Gaudens awajibu. Nimeshasema ana mdomo.

Haya. Nyumba hii ni ya Yustina, lakini chumba cha uani kibaki wazi kwa mgonjwa yeyote wa mikoani asiye na pa kufikia, kama tulivyofanya siku zote. Shamba la Kimbiji ni la Gaudens. Ukijenga, usiwazibie watu njia ya kwenda kituoni. Vitabu vyangu vya tiba wapeni wanafunzi, vile vilivyopitwa na wakati vichomeni, msimpe mtu kitabu kinachodanganya. Mnizike karibu na Projestus. Misa iwe fupi. Watu wa Marijani wakija na dua zao, wapisheni wasome, nitazihitaji zote.

Nimechoka sasa... Yustina, naona mkono wako uko begani kwa kaka yako. Uache hapo hapo, usiuondoe kwa aibu.

Sogeeni. Nyote. Mungu awape mikono isiyotetemeka... na mioyo inayotetemeka kila mnapomwona mtu anaumia. Awape kicheko, msiwe watu wazito. Gaudens, nakubariki. Anwar, nakubariki, wewe na watakaotoka kwako. Yustina, mwanangu...

Hapana, Yustina. Acha kupima mapigo. Nishike mkono tu.

Hivyo. Hivyo hivyo.