Shuka za Amarat na Meza ya Bwana

Bwana asifiwe! Wa mbele nimewasikia. Ninyi wa nyuma, karibu na mlango, Bwana asifiwe! Haya, asanteni. Nimeanza na ninyi kwa sababu ushuhuda huu ni wenu, na mtaona kwa nini.

Naitwa Poni. Wengi mnanijua, nafua katika hoteli moja hapa hapa Amarat, Juba, na Jumapili ambayo siendi nyumbani naabudu nanyi katika ibada hii ya Kiswahili. Nyumbani ni upande wa Nesitu. Unashuka kwenye barabara ya Nimule, unaacha lami, unatembea ndani mpaka uone kanisa la udongo na mabati. Baba yangu ndiye mchungaji wa Wabaptisti pale. Mimi nimekulia Kenya, ukimbizini, na tuliporudi Baba alikuta kanisa halina mchungaji, akalichukua.

Ndugu zangu, mtu ambaye hajalelewa nyumbani kwa mchungaji wa kijijini asiniambie anajua kuangaliwa. Nikicheka kwa sauti, ni habari. Nikivaa suruali, Mama anaitwa. Mhubiri mgeni akija, kuku anayechinjwa ni wa Mama, na kitanda anacholalia ni changu. Lori likiharibika barabarani, watu wanamwonyesha dereva njia: nenda kwa mchungaji, huko chakula hakikosi. Hakikosi? Kinatoka wapi? Baba analima mtama na karanga kama wao, na jembe lake halijui kwamba yeye ni mchungaji! Lakini hatukulalamika. Mama alitufundisha kutabasamu tukiwa tumechoka, na mimi nilijifunza vizuri.

Kazi yangu kanisani tangu utoto ilikuwa kitambaa cheupe cha Meza ya Bwana. Kila Jumapili ya kwanza ya mwezi kitambaa kile lazima kiwe safi, kimepigwa pasi, hakina hata mkunjo. Nilipopata kazi Juba, Mama akawa ananitumia kitambaa kwa mtu anayekuja mjini, kwa sababu maji ya khor, kile kijito chetu, wakati wa mvua yana rangi ya chai ya maziwa. Nilikuwa nakifua hotelini kwa ruhusa ya bosi, nakirudisha kinang'aa. Kanisa lote lilisifu ule weupe. Hakuna aliyeuliza unatoka wapi.

Sasa sikilizeni. Tunaye shemasi, mtu mzima, mwenye sauti nzuri ya kuomba. Siku moja shirika fulani lilimwita kwenye semina, na semina ilikuwa katika hoteli yetu. Alikula chakula cha mchana cha hoteli. Alikunywa soda ya hoteli. Akapangusa mdomo kwa kitambaa nilichofua mimi! Kisha akapanda juu kwenye vyumba, akaniona natoka chumba cha mgeni mmoja, khawaja, nimekumbatia furushi la shuka, na yule mzungu amesimama mlangoni ananishukuru. Nilimwamkia shemasi kwa heshima. Aligeuza uso kama ameona nyoka.

Kwetu Wabaptisti hakuna askofu wa kutuamulia. Kanisa linakaa kikao, jambo linasemwa, washiriki wanainua mikono, limekwisha. Utaratibu huo naupenda hadi leo, naomba mnielewe. Lakini utaratibu mzuri ukiingia mikononi mwa watu waoga, Mungu atusaidie!

"Mimi naona yeye na macho yangu," shemasi alisema kikaoni, kwa Kiswahili chake cha Uganda. "Anatoka kwa chumba ya mwanaume. Shuka iko mkononi."

Ndugu zangu, hapo ndipo damu yangu inapochemka. Hakudanganya hata neno moja! Chumba kilikuwa cha mwanaume. Shuka ilikuwa mkononi. Alichoacha ni kusema tu kwamba yule msichana ni dobi, na furushi lile linakwenda kufuliwa. Nilisimama nikaeleza. Mama mmoja akasema, msichana wa hoteli ya Amarat, kila mtu anajua kazi yake. Kila mtu! Watu ambao hawajawahi hata kuvuka geti la hoteli! Na hakuna aliyemgeukia shemasi kumuuliza, na wewe, baba, ulikuwa unatafuta nini huko juu kwenye vyumba? Choo cha semina kiko chini!

Mshitakiwa hukaa nje wakati wa kura. Nilitoka, nikasimama chini ya ukingo wa mabati. Nikamsikia baba yangu mzazi, mwenyekiti wa kikao, akisema, "Wanaokubali atengwe, wainue mikono." Mikono haina kelele. Nilisikia nguo tu zikisuguana, na mtoto mmoja akilia. Mwenyekiti hapigi kura, kwa hiyo Baba hakuinua mkono wake. Hakuinua wa kukubali, na hakufungua mdomo wa kukataa.

Mlango ulipofunguliwa nilionyeshwa benchi la nyuma. Kwetu aliyetengwa hafukuzwi, anakaa kwenye benchi lililo karibu na mlango. Haimbi kwaya, haombi kwa sauti, na siku ya Meza ya Bwana mkate unampita. Nilikaa pale Jumapili ya kwanza iliyofuata. Nikaona mkate ukiwekwa juu ya kitambaa. Kitambaa changu! Mikono yangu haifai kupokea mkate, lakini jasho la mikono hiyo hiyo linafaa kuuweka mkate juu yake. Nilitoka kabla ya baraka, nikatembea mpaka barabarani, nikasimamisha gari la kwanza lililopita.

Sikurudi. Nilikuwa napanga chumba kule Gumbo, nikajifungia humo. Baba alipiga simu akaniambia, "Ya bitti, kanisa limeamua." Nikamjibu, binti yako unamwita binti kwenye simu tu? Nikakata. Mama alizidi tu kunitumia kitambaa, nami nilikifua nikilia, nikikisugua kama nataka kukitoboa. Kuomba niliacha. Siku ya mwisho niliyoomba nilimwambia Mungu, kama na wewe uliinua mkono siku ile, niambie nijue. Kisha nikafunga begi. Nilikuwa na rafiki Eldoret aliyekuwa tayari kunipokea, na nilikuwa nimekata shauri: nikivuka mpaka sina tena kanisa, sina nyumbani, na sina baba.

Wiki ile ile, nikiwa kazini, mlinzi wa geti la hoteli aliniita. "Kuna mzee wa suti hapa anauliza dobi."

Alikuwa Baba. Amevaa ile suti yake ya kuhubiria, viatu vimejaa vumbi, na mkononi ana mfuko wa karanga. Baba yangu hajawahi kuingia hotelini maisha yake yote. Nilimwambia, nina kazi, mwenzangu hakuja leo, sina muda wa kuhubiriwa. Akasema, "Sikuja kuhubiri." Akaninyooshea karanga. Sikuzipokea. Akanifuata mpaka chumba cha kufulia, akaziweka juu ya mashine, akavua koti, akanawa mikono.

Shuka kubwa ya hoteli haikunjwi na mtu mmoja. Baba alishika pembe mbili, mimi nikashika mbili. Unavuta, unakutanisha, unasogea mbele, unarudi nyuma. Mwanzoni alikuwa anakosea na mimi nafurahi anapokosea, nasema kweli. Joto la chumba kile mnalijua wenye kazi hizi. Shati lake lililowa. Rundo lilipokwisha akauliza, "Hizi chafu zinatoka wapi?"

"Vyumbani, juu."

"Nipeleke."

Akavaa koti lake tena, tukapanda. Akaingia chumba baada ya chumba, akakusanya shuka za watu asiowajua, akatembea kwenye korido ile ile amezikumbatia mpaka kidevuni. Mgeni mmoja alifungua mlango, akamwona, akamrushia na suruali juu ya furushi. Baba akasema, "Sawa, mkubwa." Nilicheka, ndugu zangu! Nilikuwa sijacheka muda mrefu, na kicheko kikageuka kilio, na Baba hakuweza kunishika kwa sababu mikono yake imejaa shuka. Tukasimama hivyo, sote wawili tunalia kwenye korido ya hoteli.

Alipoondoka akaniambia, "Jumapili ni Meza. Njoo na kitambaa, kaa palepale nyuma." Nikakasirika upya. Nyuma tena? Akasema, "Wewe njoo tu."

Nilikwenda. Begi langu nililiacha limefungwa, maana nilijua baada ya hapo ni safari. Nilitandika meza, nikaenda kwenye benchi la nyuma. Nyimbo zikaimbwa. Mkate na kikombe vikaletwa. Kanisa likangoja mchungaji asogee mezani, kwa sababu kwetu ni yeye anayehudumu.

Baba alishuka kwenye mimbari, akaipita meza. Akapita katikati ya mabenchi mpaka nyuma kabisa, akaketi kando yangu.

Mnaelewa? Meza iko tayari, na hakuna wa kuihudumia! Watu waligeuza shingo. Shemasi akasimama, akasema, "Mchungaji, meza inangoja." Baba akamjibu bila kuinuka:

"Mimi pia nimefika Amarat. Nimeingia vyumba vya wanaume, nimetoka na shuka mkononi, watu wameniona. Kama binti yangu yuko nje kwa hilo, na mimi niko nje. Mlimhukumu nikanyamaza, na sitanyamaza tena. Kanisa ndilo linaloamua. Wanaotaka nitengwe, inueni mikono."

Mama aliinuka kwenye benchi la mbele. Hakuinua mkono. Alikuja nyuma, akasema, "Sogeeni," akaketi nasi.

Hakuna mkono uliopanda. Hata mmoja! Mikono ile iliyokuwa myepesi juu yangu ilikuwa mizito siku hiyo. Mkate ukabaki umefunikwa. Kisha yule mama aliyesema kila mtu anajua kazi yangu, huyo huyo, akaja akasimama mbele yangu analia, akaninyooshea mkono wa kulia. Kwetu huo ndio mkono wa ushirika, ndivyo mtu anavyorudishwa, kila mshiriki anapita kumpa mkono. Wakapanga mstari. Shemasi alikuja wa mwisho. Aliangalia sakafu, kiganja chake kimelowa jasho. Hajaniomba radhi mpaka leo, na mimi nasema hadharani, bado naidai radhi hiyo! Lakini nilimpa mkono, na aliyenipa nguvu ya kuunyoosha ni Bwana, maana mimi mwenyewe nilitaka kukunja ngumi.

Nilirudi Gumbo nikafungua begi. Aibu niliyoibeba Bwana aliitoa siku ile, haleluya! Katika yale maombi yangu ya mwisho nilimuuliza kama na yeye aliinua mkono. Jibu lilikuja limevaa suti yenye vumbi, likaketi karibu na mlango. Namshukuru Mungu kwa Baba. Namshukuru kwa Mama, ambaye miezi yote ya uchungu wangu hakuacha kunitumia kitambaa, ili niwe na kitu changu ndani ya nyumba ile.

Kitambaa chenyewe hiki hapa, nimekipiga pasi asubuhi, nakipeleka mwenyewe. Lakini kabla sijaondoka, ndugu yangu wewe unayekaa pale mlangoni kwa sababu watu waliona shuka wakajua mengine yote, nimekuona tangu nilipoanza. Sitakungoja mbele. Subiri hapo hapo, nakuja mimi, na mkono wangu wa kulia ni huu.