Fundi wa Makochi, Baba wa Binti Mmoja

Tunayemzika leo alizaliwa tarehe 9 Machi 1968, mtoto wa tatu wa seremala na mshonaji, na wa kiume pekee. Alilelewa katikati ya dada wawili waliomdekeza sana, na hilo nalisema kwa heshima, maana wote wawili wapo hapa.

Alimaliza darasa la saba mwaka 1982, kisha akajiunga na chuo cha ufundi. Hakumaliza. Fundi mmoja wa makochi alimwona akishona turubai, akamchukua, na kazi hiyo ndiyo aliyoifanya mpaka mwisho.

Mwaka 1990 alifungua karakana yake nyuma ya kituo cha mafuta. Hakuwahi kufunika kochi bila kulivua kwanza hadi kwenye mbao. Wateja wenye haraka walimwambia, "Fundi, we bandika tu kitambaa kipya juu." Naye alijibu, "Nikibandika, kunguni wako watanishukuru, wewe utanitukana."

Tarehe 14 Desemba 1996 alifunga ndoa na mimi. Nilikuwa nauza chai mlangoni pa karakana. Hatukujaliwa kupata mtoto. Maneno niliyoambiwa kwa hilo nayaacha, leo si siku yake.

Mwaka 2018 tulimchukua binti yetu kutoka kituo cha kulelea watoto, akiwa na miaka minne na amekwisha kupita mikono mingi. Marehemu alimwita Chiriku kwa jinsi alivyopenda kuongea. Kila mgeni aliyeingia, mtoto alimkimbilia, akampanda mapajani, akamwita mama au baba. Mimi nikimshika alikakamaa kama ubao. Nikimwogesha aliniuma. Alificha mikate chini ya godoro, halafu akawaambia watu kwamba namlaza na njaa. Wifi yangu mkubwa aliniambia sebuleni kwangu, majirani wakisikia, "Wifi, mtoto anapenda watu wote isipokuwa wewe. Hebu jiulize."

Nilimpeleka kwa daktari. Akasema ana tatizo la kushikamana. Mtoto aliyebadilishiwa walezi tangu uchanga hujifunza kwamba hakuna anayebaki, basi humgawia kila mtu tabasamu na kumpiga vita aliye karibu naye. Tukaelekezwa kwamba, kwa muda, sisi wawili tu ndio tumlishe, tumbebe na kumbembeleza. Wengine wamsalimie kwa mkono, kisha wamrudishe kwetu.

Nilipoyaeleza hayo, kikao cha familia kilicheka. "Siku hizi hata kumkumbatia mtoto kunahitaji cheti cha daktari?" alisema mmoja. Mwingine akamjibu, akininyooshea kidole, "Na anayetufafanulia ni yeye ambaye darasa la pili lilimshinda!" Marehemu alikuwepo. Alikuwa mtu mwema, nami sitaki kumzika kwa uongo, kwa hiyo nasema kwamba alinyamaza. Aliwaachia dada zake wakawa wanamchukua mtoto kwenda kwao, wanampakata, wanamlisha peremende, na akirudi hata kunitazama hataki.

Kilichomgeuza ni mteja mmoja aliyeleta stuli kuvalishwa ngozi. Alipoondoka, Chiriku alimshika mkono wakatoka pamoja. Marehemu alidhani anamsindikiza hadi barabarani. Alikuja kuwakuta kituo cha basi. Yule bwana, Mungu ambariki, alikuwa amechanganyikiwa kuliko mtoto. "Fundi, huyu ananiambia mimi ndiye baba yake, twende nyumbani. Nikadhani mnataniana." Chiriku alimtazama mume wangu kama mpita njia, akauliza basi linakuja saa ngapi.

Alirudi amembeba. Akakaa sakafuni jikoni kwangu, bado ana vumbi la sponji kichwani, akasema, "Mama Chiriku, nimekuonea." Siku ileile alikwenda kwa dada zake mwenyewe akawaomba waache. Mashine ya kushonea akaihamishia nyumbani. Kila jioni alimpakata na kumlisha kwa mkono wake, ingawa mtoto aliweza kula mwenyewe, na akitemewa chakula alijifuta shati akaendelea. Alikuwa na subira niliyokuwa nimekata tamaa ya kuiona.

Siku moja Chiriku alianguka uani akachubuka goti. Aliwapita majirani waliomnyooshea mikono, akaja kwangu, akaniegemea. Marehemu aliacha gundi ikakaukia kwenye brashi, anatutazama tu.

Mwaka 2022 alianza kukohoa, na ikaonekana mapafu yake yamechoka. Alipolazwa, Chiriku alizunguka wodi nzima akipiga soga na wagonjwa, lakini kitanda cha baba yake hakukisogelea. Wifi yangu mkubwa akasema, "Mnaona? Amemfundisha kumchukia kaka yetu." Marehemu alimshika mkono akamwambia, "Dada, hao wengine hawamtishi. Ananikwepa mimi kwa sababu ananiogopea. Sasa ana baba. Nikiondoka, usimtoe kwa mama yake." Muuguzi alikuwa anabadilisha shuka, alisikia. Marehemu alifariki tarehe 21 Agosti 2023, saa nne asubuhi, nikiwa pembeni yake.

Ameacha mjane, dada wawili na binti mmoja. Kwenye kikao cha juzi ilipendekezwa kwenye wasifu huu iandikwe "mtoto wa kulea", na kwamba baada ya mazishi achukuliwe akakae kwa shangazi yake mkubwa, apate malezi ya watu wenye mapenzi. Nilisikiliza mpaka mwisho. Nimeandikisha "binti", na leo anarudi nyumbani na mimi.

Nina ombi kwenu nyote. Amevaa gauni la buluu, mnamwona. Tukitawanyika atawajia, atawashika mikono, atawaambia maneno matamu, na pengine atawaomba muondoke naye. Ni hofu hiyo, baba yake ameondoka. Najua mioyo yenu ni laini leo. Msimkumbatie. Mwambieni, "Mama yako yule pale," mnionyeshe kwa kidole, nami nitakuwa nimesimama hapa hapa mpaka aje. Wifi zangu, nanyi pia. Kaka yenu aliwaomba kwa mdomo wake.

Mola ampe mapumziko mema. Lala salama, Baba Chiriku.