Paskalia Kobelo, Aliyepatanisha Tairi za Mbele na za Nyuma

Tarehe 30 Juni mwaka huu, Bi. Paskalia Kobelo, fundi mkuu wa karakana yetu ya matrekta hapa Msamvu, anastaafu baada ya miaka thelathini na mitatu ya utumishi. Wengi wetu tunamwita Mama Faraja.

Alizaliwa Mgeta, kwa wakulima wa kabichi. Alikuja mjini kusomea ufundi, akapanga chumba Mwembesongo, akaajiriwa hapa. Mafundi wa wakati ule walimpa kazi ya kuosha nati kwa dizeli wakidhani atachoka. Baada ya miezi minane alikuwa akifungua peke yake difu, yaani kasha la gia linalogawa nguvu kwa magurudumu, na wao ndio waliomwoshea nati.

Mwaka 2013, trekta letu jipya linalovuta kwa magurudumu yote manne lilivunjika difu ya mbele likiwa linalima Gairo. Uongozi uliona ni uzembe wa dereva, na barua ya kumwachisha kazi ikaanza kuandaliwa. Dereva huyo ni mimi, Benedikto Pazi, ninayeandika wasifu huu. Hata mimi sikujua kilichoivunja.

Mama Faraja aliomba siku moja. Tairi za lile bovu alizifunga kwenye trekta jingine la aina ile ile, akazitia alama za chaki, za mbele na za nyuma. Niliendesha polepole uwanjani, yeye akatembea pembeni akihesabu mizunguko, kisha akalinganisha na kitabu cha trekta.

Alitueleza kwamba gia za trekta la namna hii zimepangwa ili tairi ndogo za mbele zitangulie kidogo tu kuliko kubwa za nyuma. Tairi mpya za mbele, zilizofungwa hapa karakana badala ya zile za kiwandani, ziliingia kwenye rimu bila shida, lakini zilikuwa kubwa kuliko zinazotakiwa. Zikawa zinakimbia mno, za nyuma zinazizuia, na kwenye ardhi ngumu mvutano wote uliishia kwenye meno ya difu.

Meneja akauliza nani alipitisha tairi zile. Fomu ilikuwa na sahihi tatu, na Mama Faraja angeweza kunyamaza.

"Nilizipitisha mimi," alisema. "Niliangalia rimu, sikupima mzunguko. Benedikto hana kosa."

Alipewa onyo la maandishi, akashushwa cheo kwa miaka miwili. Mimi nikarudi kwenye usukani. Nilipokwenda kumshukuru, alinituma nikamletee jeki.

Tangu hapo hakuna tairi iliyofungwa hapa bila kupimwa, wala difu nyingine iliyovunjika kwa sababu hiyo. Wauza tairi wa mjini wanamjua kwa futi yake ya utepe. Hata kwenye harusi ya Irene wa masijala alionekana akilizunguka gari la maharusi, akikagua kashata za tairi, yale meno yanayoshika barabara, kama zimelika sawa.

Sasa anarudi Mgeta kwa mumewe, Mzee Anselmi, ambaye ameshamtengea matuta ya njegere.

Mama Faraja, asante. Binti yangu Judith anamaliza chuo mwaka huu. Amesomeshwa kwa kazi ambayo nisingekuwa nayo kama siku ile ungenyamaza. Nenda salama, Mama. Tunakuombea afya njema, mvua za kutosha, na asubuhi ndefu zisizo na simu ya karakana.