Kidonge Kilichoachwa na Kampuni Mbili

Wasikilizaji wapendwa, leo nina hasira na sitaificha. Tunamkumbuka Mama Hesabu, mhasibu wa kampuni ya dawa, jirani yangu wa ukuta kwa ukuta. Alikuwa na kifafa tangu utotoni. Akimeza kidonge chake kila asubuhi, kifafa kinatulia. Akikikosa, anaanguka.

Mumewe naye ni mhasibu, tena wa kampuni pinzani. Hebu fikiria nyumba hiyo. Walikubaliana tangu wanaoana kwamba habari za kazini zinaishia mlangoni. Tukimtania nani kamzidi mwenzake mauzo mwaka huu, Mama Hesabu anajibu, "Huyu kanizidi kukoroma tu."

Basi, kampuni ya mke ikaacha kutengeneza kile kidonge, eti faida yake ndogo. Mke akanyamaza, maana alijua kampuni ya mume inacho. Mwaka huohuo kampuni ya mume nayo ikakiacha. Mume akanyamaza, maana alijua ya mke inacho. Narudia, wapendwa: zote mbili ziliacha, na hakuna kampuni nyingine iliyokitengeneza. Na faida za zote mbili zikapanda, wakubwa wakapigiwa makofi.

Duka la dawa lilipoishiwa, ndipo wakaulizana jikoni.

"Si kwenu mnakitengeneza?" mume aliuliza.

"Sisi tuliacha, mume wangu. Kumbe na ninyi?"

Mume ananiambia alikaa chini palepale.

Kila mmoja akaenda kumwomba bosi wake. Bosi wa mke akajibu, "Tukikirudisha sisi, wenzetu watatupita. Waanze wao." Bosi wa mume naye akasema waanze wao. Hivi jamani, mtu anataka kuishi, na watu wazima na suti zao wanategeana?

Jumapili iliyopita Mama Hesabu alianguka bafuni. Hakuamka.

Wahenga walisema vita vya panzi furaha ya kunguru. Hapa panzi wote wawili wameshiba, na tuliyemzika ni jirani yangu.

Pole sana, shemeji. Poleni, wanangu, mama yenu aliwapenda na sisi tuliona. Nanyi wasikilizaji, mkisikia kampuni fulani imeipita nyingine kwa faida, ulizeni imeacha kutengeneza nini. Mazishini zote mbili zilileta mashada ya maua. Shada la kampuni ya mume lilikuwa kubwa zaidi. Kabla kaburi halijafukiwa, kampuni ya mke ilikuwa imeshatuma la pili.