Priscah Bhoke, Aliyewasha Jiko Siku ya Sabato

Mchungaji, wazee wa kanisa, kina mama wa soko la Kendu Bay na nyote mliokanyaga umande kufika hapa leo Jumapili, tarehe 24 Oktoba 1999, mimi ni Omwenga, mdogo wake Nyamongo, na familia imenipa kazi ya kuwasomea maisha ya shemeji yangu Priscah Bhoke, kazi ambayo yeye mwenyewe angeicheka, maana alizoea kusema kwamba nikishika karatasi mbele ya watu nasoma kama ng'ombe anayepandishwa lori.

Bhoke alizaliwa tarehe 8 Machi 1951 huko Kegonga, Kuria, katika nyumba ya wakulima wa mahindi na wimbi, akasoma shule ya msingi papo hapo kuanzia mwaka 1960 hadi alipomaliza darasa la saba mwaka 1966, na dada zake wanasema kwamba asubuhi ukungu ukishuka vilimani alisimama njiani kuutazama mpaka kengele ilie, akachapwa kwa kuchelewa, na kesho yake akasimama tena. Tabia hiyo ya kuota macho wazi alikuja nayo kwetu.

Alifunga ndoa na kaka yangu Nyamongo tarehe 19 Desemba 1971, wakahamia Kendu Bay mwaka 1973, kaka akauza nguo, Bhoke akauza ndizi na unga wa wimbi, na Mungu akawajalia watoto wanne, Cephas mwaka 1974, Sheila mwaka 1977, Edinah mwaka 1981, na kitinda mimba Millicent, tarehe 3 Mei 1990, ambaye alitushangaza sote, kwani nguo za watoto zilikuwa zimeshagawiwa majirani.

Nyumba hiyo ilishika Sabato kama mama yetu Nyasuguta alivyotulea, Ijumaa chakula kinapikwa mapema, jiko linazimwa, na haliwashwi tena mpaka Jumamosi jua lizame nyuma ya Mlima Homa. Jumamosi ya tarehe 9 Februari 1991, asubuhi, Millicent akiwa na miezi tisa alianza kutapika na kuhara maji matupu, na mama yake alijua la kufanya, maana kliniki walikuwa wamemfundisha kuchanganya lita moja ya maji yaliyochemshwa na vijiko vidogo sita vya sukari na nusu kijiko cha chumvi, ila maji ya mtungini hayakuwa yamechemshwa, na jiko lilikuwa baridi. Hakuna aliyemkataza kuliwasha, na mchungaji alisema baadaye kwamba angeitwa angepasua kuni yeye mwenyewe, lakini Bhoke alikaa mlangoni akimnyonyesha na kulingoja jua lizame, mtoto akaacha kulia, utosi ukabonyea, macho yakaingia ndani, na giza lilipoingia wakamkimbiza hospitali, akawekewa maji ya mshipa, akapona.

Alipona, lakini utulivu aliorudi nao haukuwa wa mtoto, yule aliyekuwa akipiga kelele za ma-ma-ma kutwa nzima sasa alikaa pale alipowekwa akiutazama mwanga mlangoni, akahara tena na tena mwaka huo, akafikisha miaka miwili bila kusimama wala kutamka neno. Bhoke alimuuliza daktari kama kuna kitu zile saa za Sabato zilimchukulia mtoto wake, naye daktari akamjibu kwa ukweli kwamba hajui, kwamba wengi hukauka maji mwilini wakapona kabisa, na wengine ugonjwa unaorudirudi huwala chakula kilichopaswa kujenga mwili na akili, akamwambia amlishe zaidi, acheze naye, azungumze naye hata asipojibiwa. Swali hilo alitembea nalo mpaka mwisho, na linaniuma kulisema hapa.

Basi akazungumza. Alfajiri alimbeba Millicent hadi ufukweni, ziwa likiwa halijaamka, maji na mbingu rangi moja, akamtajia ndege, nyavu na mawe, kwa Kikuria, kwa Kiswahili, kwa Kijaluo, wavuvi wakadhani anaongea na maji, na wake zao wakaanza kumwita Min Millicent, yaani mama Millicent. Mwezi wa Machi 1993 Millicent alitembea, na neno la kwanza lilikuja mwaka uliofuata.

Kuanzia mwaka 1992 Bhoke alizunguka nyumba kwa nyumba hapa Kendu Bay, siku za soko Rangwe, na akienda kwao, Kegonga, akiwafundisha kina mama kutongoja jua wala kumnyima titi mtoto anayehara, na Sabato moja jirani alipoleta mtoto anayetapika, aliwasha jiko mbele ya mama yetu Nyasuguta, ambaye hakumsemesha siku nzima, kisha Jumapili akamletea mzigo wa kuni, akautua, akasema, "Za Jumamosi ijayo," akaenda zake. Daktari alimweleza kwamba kirusi kinachowaharisha hivyo watoto wengi kinaitwa rota, kwamba sabuni na maji safi husaidia lakini havikizuii kabisa, na kwamba chanjo bado inatafutwa, na Bhoke akalipenda sana hilo neno "bado". Alituhadithia ndoto ambamo watoto wamepanga foleni ufukweni, vinywa wazi kama vifaranga, mtu asiyeonekana uso akiwadondoshea tone ulimini, mmoja mmoja, na foleni ikaingia ziwani bila mtoto hata mmoja kulowa.

Mwezi wa Agosti mwaka huu presha ilimpanda, akapata kiharusi tarehe 2 Septemba kilichompoozesha upande mmoja na kumfunga ulimi, na wiki zote hizo Millicent alikaa kitandani pake akimtajia vitu polepole, dirisha, kijiko, shuka, bila kuchoka, mpaka alipotuacha asubuhi ya Alhamisi, tarehe 14 Oktoba.

Tunawashukuru madaktari na wauguzi waliomhudumia, majirani mliolala nasi hapa, wenzake wa soko mliofunga meza zenu, na kina mama mliokuja na watoto migongoni, ambao sitawataja kwa sababu ni wengi na wengine wanalala.

Desturi inataka nimalizie mimi kwa maneno ya kumuaga, lakini Millicent, ambaye sasa yuko darasa la pili na wenzake wa rika lake wako la nne, amesema atayasema yeye, kwa hiyo nawaomba akinyamaza katikati msimsaidie, msimmalizie neno, tumngoje tu.

Njoo, Millicent. Simama hapa mbele yangu, umwambie mama apumzike.