Kombe wa Winnie

Basi la Essex lilinukia mafuta ya moto, na Doreen, ambaye hakuwa ametia kitu tumboni tangu asubuhi, aligundua harufu inatoka kwenye boksi la kombe wa kukaanga, wale chaza wa matopeni, alilopakata mzee wa siti ya mbele. Bibi aliyeketi kando ya mzee alishindwa kuvumilia.

"Kombe hao umenunua wapi?"

"Kwa Winnie, pale kona ya matopeni. Kwa kukaanga kombe hana mpinzani."

"Acha uongo, mzee! Kibanda cha Winnie kilizolewa na bahari, yeye akiwa ndani. Mazishini nilikwenda mimi."

"Basi onja."

Doreen alingoja matusi, maana watu wa pwani hii hugombania kombe kuliko urithi. Lakini bibi alitafuna taratibu, akafumba macho. "Maziwa ya kopo kwanza, halafu unga wa mahindi. Na tumbo la kombe hajalitoa. Huu ni mkono wake kabisa."

"Sasa muongo nani?"

"Mwili hatukuupata," bibi akasema kwa sauti ndogo. "Tulizika jeneza tupu. Uso wake umeuona?"

"Uso sikuuona. Pale dirishani inatoka mikono tu, imelowa. Unangoja uitwe jina, unachukua chako."

Doreen akameza mate.

Basi likasimama konani, ingawa hakuna aliyepiga kengele. Nje palikuwa na matope na ukungu tu. Kipaza sauti kikakoroma humo ukunguni.

"Doreen! Kombe wako tayari."

Hakuwa ameagiza. Alikuwa ametamani tu. Dereva akafungua mlango, akamtazama kwenye kioo, akangoja.